Twende Kilioni

Saa kumi na moja na nusu, Msaranga.
Umekaa chini, katikati ya magoti yangu,
kichwa kizito kwa usingizi kama papai lililoiva.
Mama yako yuko zamu ya usiku hospitalini
na jana mwalimu ameandika, kwa kalamu nyekundu:
Nywele za Nakunda zisukwe.
Hakuandika na nani.

Najua mtindo mmoja tu.
Shangazi yako alinifundisha kwa simu, akicheka,
nami simu nimeibana kati ya sikio na bega:
chukua tatu, pitisha, ongeza, usivute hivyo, hufungi mbuzi.
Twende kilioni.
Mistari ya kwenda nyuma moja kwa moja,
ya wanawake walioitwa ghafla msibani
wasio na muda wa kukaa.
Sisi hatuna msiba, tuna kengele ya saa moja na nusu.
Mstari wa nne umepinda.
"Baba, huo unaenda wapi?"
Nasema umepitia dukani.

Mama yako anafika kabla ya saa moja,
viatu vyeupe mkononi, kandambili miguuni.
Ndoa yetu siku hizi ni dakika kumi na moja:
uji uko kwenye chupa, gesi inakaribia kuisha,
fundi wa paa hajaja, simu yake hapokei.
Ananusa shati langu. "Mafuta ya nazi," anasema,
anakutazama kichwani, anauma mdomo asicheke.
Kisha anakwenda kulala, nami nakwenda kazini.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Mbwa wa mitaa hii wananijua mmoja mmoja;
wenye nyumba hawanijui. "Wa maji huyo," wanaitana.
Nachuchumaa, nafuta tope kwenye kioo kwa kidole gumba,
naandika tarakimu.
Mita inasema mengi ambayo sikuuliza:
nani kapata wageni, nani kabaki peke yake,
nyumba gani bomba linavuja usiku kucha
na hakuna anayeamka.

Saa sita, kwa Mama Ndelilio, geti liko wazi.
Turubai linafungwa kwenye mparachichi,
vijana wanashusha viti, moshi wa kuni umetanda.
Nataka kurudi nyuma. Mzee mmoja ananiambia soma tu, baba,
maji hayafiwi.
Basi nasoma. Inazunguka kwa kasi, masufuria yanajazwa.
Nikiinua macho naona vichwa:
kichwa baada ya kichwa, mistari ya haraka,
mingine ya jana, mingine ya asubuhi hii,
na wa dada mtu, aliyekaa karibu na karo bila khanga kichwani,
umepinda palepale, wa nne.

Sijui nilipata wapi ujasiri.
Nikampa pole. Nikasema, nina binti, darasa la pili,
pale nyuma ya sikio nywele zinanitoroka.
Akanitazama muda mrefu, macho mekundu.
Nikadhani nimekosea, nikaanza kuomba radhi.
Akageuza shingo, akakunja sikio lake kwa kidole.
"Anzia chini," akasema. "Chini kabisa. Nywele chache.
Ukianza na nyingi utamuumiza."
Akaonyesha tena, polepole,
kama mtu aliyepewa kazi na akashukuru.

Jioni unarudi, mistari imefumka nusu.
Wenzako wameuliza nani amekusuka.
"Nikasema saluni."
Wakasemaje?
"Wamecheka."
Unaomba ugali na maharage, unasahau.
Mama yako anafunga saa mkononi, anaondoka tena,
gesi imeisha kama alivyosema itaisha,
nawasha mkaa kwa kurasa za daftari lako la zamani.

Umelala. Nimevuta kitambaa cha kochi,
kile chenye nyuzi ndefu pembeni,
nimekiweka magotini.
Naanzia chini kabisa.
Nyuzi tatu. Chache.