Mteremko

Barua ya manispaa ilifika Machi, theluji ikiwa bado magotini:
kila nyumba ya mtaa wetu
iunganishwe na bomba kuu la majitaka
kabla Septemba haijakwisha.
Muhuri, sahihi, namba ya simu kwa mwenye swali.
Nilikuwa na swali,
ila aliyekuwa akinijibu tulimzika miaka sita iliyopita.

Shimo letu alilichimba Heldur mwaka tuliooana.
Pete tatu za zege, moja juu ya mwenzake,
alizitoa usiku kwenye shamba la ushirika
kwa trekta lililozimwa taa.
"Ni mali ya wote," aliniambia, "na mimi ni mmoja wa wote."
Ya dhahabu alininunulia baadaye, nyembamba kama uzi.

Likatumeza shimo lile bila kinyongo:
maji ya viazi, maji ya sauna, povu la nepi,
dawa zake za mwisho, nilizozimwaga zote siku moja.
Lori la kunyonya lilipokuja, mara mbili kwa mwaka,
mtaa mzima ulifunga madirisha
na mimi nikafunga uso.

Raivo akaja na kifaa chenye jicho jekundu.
Akapima, akakuna kidevu, akapima tena.
"Bibi Urve, bomba halisomi hati ya kiwanja.
Linajua mteremko tu:
sentimita mbili kila mita,
na lilale chini, mita moja na nusu,
Januari isikolifikia."
Kutoka kwangu hadi barabarani ni mwamba.
Njia ilikuwa moja,
bustani ya Salme.

Salme.
Miaka kumi na tisa hatujapeana hata chafya.
Uzio wake ulisogea futi moja kwangu;
kwa hesabu yake, wangu ndio uliotembea.
Futi moja! Haitoshi kumlaza paka
akajinyoosha.

Nikavaa koti la kanisani, nikabeba karatasi ya idhini.
Alisoma mpaka maandishi madogo ya chini,
miwani puani, mlango nusu wazi.
"Atapita kwenye vitunguu saumu?"
"Atapita."
"Basi nitavivuna kesho."
Akatia sahihi akiwa ameegemeza karatasi ukutani.

Agosti katapila likafungua ardhi.
Udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha mfinyanzi wa kijivu
uliotoa harufu ya sarafu.
Mita ya kumi na moja, kijiko kikagonga chuma.
Raivo akashuka, akafuta kwa kiganja:
kigingi cha wapimaji wa zamani, chenye namba yake,
kimesimama pale kiliposimamishwa.
Si kwenye mstari wangu.
Si kwenye mstari wa Salme.

Alikuwa upande wake na ndoo, mimi upande wangu na chupa ya chai.
Tulikitazama, kisha tukatazama kwingine.
"Nikiache wazi," Raivo akauliza, "mkakione vizuri?"
"Fukia," tukasema.
Wote wawili, kwa mpigo mmoja,
kisha kila mmoja akaona haya kwa sauti ya mwenzake.

Sasa mabomba yetu yanakutana kwenye chemba moja
chini ya mahali palipokuwa na vitunguu.
Siku ya majaribio Raivo aliacha mfuniko wazi,
akaniambia nikavute maji chooni nirudi nitazame.
Nilirudi nimechelewa, magoti haya.
Yangu yalikuwa yameshapita.
Yaliyokuwa yakipita yalikuwa mekundu, ya kiazisukari chekundu,
na nikajua jirani yangu anapika nini.

Shimo la Heldur walilinyonya mara ya mwisho,
wakalijaza mchanga, lori mbili na nusu.
Walitaka kuzing'oa zile pete. Nilikataa.
Zimo humo, tatu, hazina kazi.
Bili ya kwanza imekuja: yuro kumi na nne na senti.
Nimeibandika jikoni.
Asubuhi Salme ameninginiza kitu kwenye uzio,
shada la vitunguu saumu, lenye udongo.
Bado sijaenda kulichukua.