Mshenga wa Manjano

Webuye, kabla ya jogoo wa pili,
mimi na mizani.
Nusu kilo kwa tani ya mbao kavu:
unga wa manjano, mwepesi kama chavua ya mahindi,
haujazi hata kopo la Kimbo.
Msimamizi Khaemba anacheka:
"Hiki ndicho kitapika msonobari?
Chumvi ya kifaranga itakoleza ng'ombe?"

Simjibu. Msonobari naujua.
Nimeutazama kwa hadubini, umekatwa mwembamba kuliko ganda la kitunguu:
nyuzi zimesimama bega kwa bega, ndefu, nyeupe,
na katikati yao lignini, gundi ya kahawia
iliyozishika miaka thelathini
zisianguke kwa upepo wa Chetambe.
Si adui, lignini. Ndiyo iliyoufanya mti uitwe mti.
Ila daftari halitaki kusimama.
Daftari linataka kulala.

Zamani tulizitenganisha kwa ubavu:
magadi makali, salfa,
nyuzi mia na sabini za joto
kuzichomoa nyuzi zisizo na hesabu,
saa tatu kila chungu,
na mji mzima ukalipa kwa pua.
Mabati ya jikoni kwetu yalitoboka kama chujio.
Mgeni akiuliza uvundo huu ni wa nini,
mama alimjibu bila kugeuka:
"Wa karo."

Sasa yuko mshenga.
Anakwenda kwanza kwa sukari,
anabisha kwenye mlango wa mwisho wa mnyororo,
anapokea mzigo, na mlango unafungwa nyuma yake,
sukari haimenyeki tena.
Anavuka hadi kwa lignini,
anautua.
Kifundo kinaachia.
Kisha huyo, anarudi mikono mitupu,
hadai kilemba, hajaonja hata maji,
anabisha tena.
Na tena.
Washenga wa watu huunganisha.
Wetu huyu ni mshenga wa talaka.

Na hajui kuficha kazi yake:
ndani ya magadi anaiva, mwekundu
kama udongo wa Bungoma baada ya mvua;
mtoe nje apigwe na hewa,
manjano yake ileile,
kama hajatumwa popote.

Baba yangu, Wabuke wa zamu ya usiku,
alipika mbao miaka ishirini na saba
pasipo kuiamini geji.
Alisimama penye valvu, akavuta pumzi.
"Bado."
Akachoma hindi lake kwenye bomba la mvuke, akala nusu,
akavuta tena.
"Bado kidogo."
Halafu, ghafla, kama aliyeitwa jina:
"Imeiva. Mwageni!"
Maabara ilipima, na maabara ilimkubali.

Leo tumemwaga kwa saa mbili na robo,
salfa hata chembe hapana.
Namba ya kapa: ishirini na nane.
Khaemba aliisoma mara mbili
na hakucheka.

Nilirudi nyumbani na karatasi ya jaribio,
duara la kahawia, upana wa kisahani, bado na uvuguvugu.
Baba aliiinua dirishani.
Akaivuta huku na huku, ikakataa kuchanika.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsalimu
kijana wa ukoo asioujua.

"Hizo dakika arobaini na tano," akasema,
"mmezipeleka kwa nani?"

Nikaangalia vidole vyangu.
Vilikuwa na manjano kwenye kucha.

Akaipeleka karatasi puani.
Akanusa. Akaigeuza upande wa pili, akanusa.
Nje, mama alikuwa anaanua nguo,
na kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya sabuni.

"Hainuki kitu, Nasambu," baba akasema.
"Mtu atajuaje imeiva?"