Itaendelea

Kampuni yetu ya vibonzo pale Kondele,
juu ya kinu cha kusaga mahindi,
iliishi miezi saba.
Mimba ya ng'ombe ingeizidi.

Mkurugenzi alikuwa Nyakwaka,
mhasibu Nyakwaka,
mfagiaji, siku za Jumamosi, Nyakwaka.
Mimi nilijaza maneno kwenye viputo.
Shitandi alichora,
ila mikono ilimshinda,
ndiyo maana shujaa wetu, Kapteni Mbuta,
aliokoa Kisumu nzima mikono ikiwa mfukoni.

Wino ulikuwa wa kijani tu,
masalio ya kalenda za chama cha walimu.
Ziwa kijani, damu kijani,
bibi harusi kijani kama sukuma wiki.
Kinu kikinguruma, kalamu iliruka,
na wasomaji wakasifu:
"Hawa wanajua kuchora tetemeko!"

Toleo la tatu lilitangulia la pili.
Adui akazikwa, kisha akazaliwa.
La nne lilimwacha Kapteni akining'inia
kwenye tangi la maji, kwa meno
(mikono, mnakumbuka),
na chini yake: Itaendelea.

Akaja dalali.
Alifuata meza, lakini akaketi kwanza,
akasoma yote manne,
akacheka hadi kofia ikamdondoka.
"Halafu anaokokaje?"
Tukatazamana.
Akabeba meza, akabeba taa,
kiti akatuachia.
"Nitarudi Ijumaa mniambie."

Huu mwaka wa kumi na tisa.
Nikimwona sokoni Kibuye navuka barabara,
na deni nililipa zamani.
Ni yale meno.