Saa Saba ya Pili

Ijumaa simu ililia kabla sijavua koti.
Halifax ilikuwa bado giza, mvua ya mshazari
ikipiga madirisha ya kiwanda hiki cha sufu
ambamo watu walisokota nyuzi hadi wakazeeka
na sasa sisi tunasokota mishahara.

"Naitwa Maureen Ackroyd," sauti ilisema,
"mlezi wa zamu ya usiku, nyumba ya wazee, Elland.
Sigombi. Nauliza tu:
saa yangu moja mmeipeleka wapi?"

Usiku wa kuamkia Jumapili saa zilirudishwa nyuma.
Ilipogonga nane, nchi nzima ikaambiwa
rudini saba, muianze upya.
Wenye vitanda walilala wakapata faida.
Maureen aliifanya saa saba mara mbili.
"Katika ile ya pili," akasema,
"nilimgeuza Bwana Stansfield ubavu mara tatu,
nikabadili shuka,
tukazozana kuhusu chai."

Nikamwambia subiri. Nikafungua programu.

Humo mna vyumba nisivyovitambua
ingawa funguo ni zangu.
Kuna hesabu inaitwa mpya,
nyingine mpya_mpya,
nyingine mpya_ya_kweli, ambayo haitumiki.
Kuna hiki, kuna kile,
kuna kidude, kilichobeba nusu ya nyumba kichwani
na hakuna anayethubutu kukigusa.
Majina niliyatoa kwa lugha ya mama makusudi:
Yorkshire nzima, nani angenikagua?
Parveen, jirani yangu wa meza, aliniuliza mwaka wa kwanza,
"Kidude ni nini?"
Nikamjibu, "Ni kidude."
Akacheka, akakiogopa, akakizunguka
kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani
hadi njia nyingine ikazaliwa pembeni.

Na kila nilipohifadhi kazi niliacha neno:
"marekebisho."
"marekebisho tena."
"sasa hivi kweli."
"Ya Rabi."
Majaribio: hakuna. Kwangu ilikuwa inakubali,
nami sikuwa na wa kumwuliza ila mimi.

Mstari wa elfu mbili mia nne na kumi na moja:
ukikutana na saa saba, na saa saba umeshaihesabu,
itupe.
Juu yake maneno yangu, ya Ijumaa fulani, miaka mitano nyuma,
saa kumi na moja na dakika arobaini jioni:
kwa muda tu. nitarudi.

Naikumbuka jioni ile. Ripoti ilikuwa inakataa,
saa zikijirudia kama kigugumizi,
na treni ya Leeds ilibakiza dakika kumi na mbili.
Sikutafuta kwa nini. Niliiziba mdomo.
Kazi ya kuwalipa watu, nikailipua.

Oktoba tano. Walezi mia tatu na kumi na wawili.
Mmoja ndiye aliyehesabu kwa vidole.

Parveen alivuta kiti. Hakusema kitu,
na afadhali angesema.
Tukaanza kukifumua kidude uzi kwa uzi,
yeye akiuliza kila jina, mimi nikitafsiri aibu.
Hiki ni nini? Mapumziko. Na kile? Kodi.
Basi kwa nini hukuandika kodi?
Adhuhuri ikapita, mkate wangu ukakauka pembeni.

Jaribio la kwanza katika maisha ya programu hii
nililiita maureen:
ipe saa saba mbili, idai saa mbili.
Likashindwa. Likashindwa tena. Nikalipenda kwa hilo.

Ilipofika kumi na moja na nusu ulibaki mwaka mmoja mgomvi,
ule wa zamu zilizokatwa katikati.
Vidole vyangu, kama punda anayejua njia ya nyumbani,
vikaandika vyenyewe: kwa muda tu.
Nikavitazama.
Nikafuta herufi moja moja, kuanzia mwisho.
Chini bondeni treni ya Leeds ilifunga milango.