Huenda

Tulimwita Saba, jina la babu wa baba yake,
kabla hatujaijua hesabu:
jozi, karanga, lozi, ufuta,
mayai, maziwa, samaki.
Daktari kule Kutaisi alihesabu kwa ncha ya kalamu,
na mgongo wa mtoto ukavimba nukta kwa nukta
kama daftari la mtu anayejifunza kuandika.

Tangu hapo mimi ni msomaji.
Sijamaliza riwaya hata moja miaka minne,
ila nimesoma pakiti za chumvi, dawa ya meno,
kopo la rangi ambalo mwalimu aliapa halina kitu.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa:
nazisoma dukani, nazisoma tena nyumbani,
nazisoma mara ya tatu sahani ikiwa mezani,
na neno ninalolijua kuliko jina langu ni hilo,
huenda.
Huenda ina chembe za. Huenda imegusana na.
Mwanangu anaishi ndani ya huenda
kama wengine wanavyoishi mtaa fulani.

Na sisi watu wa huku, jamani,
hatujui kumfungulia mtu mlango bila kumshibisha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nasi tunapona kwa jozi:
jozi kwenye biringani, jozi kwenye mchuzi wa kuku,
jozi zilizotungwa uzi, zikachovywa kwenye uji wa zabibu,
zikining'inia barazani kama mishumaa.
Kukataa tonge ni kumtukana aliyepika.
Nimewatukana wengi.
Naja na kibakuli changu, kijiko changu, kitambaa changu,
nakaa katikati ya mwana na karamu
kama askari wa mpakani.
Shemeji yangu Gocha alinong'ona, nikasikia:
"Zamani hatukuwa na magonjwa haya."
Zamani, nilitaka kumjibu, mlikuwa na makaburi madogo.
Nikanyamaza. Nikapangusa kijiko.

Usiku wa mwaka mpya, Zestafoni,
mama mkwe wangu Tsiala alitwanga tangu alfajiri.
Hakumpa kitu. Lazima niliseme hilo: hakumpa kitu,
sahani ya jozi na asali aliipandisha juu ya kabati.
Saa sita, fataki zikapasuka,
akambusu tu.
Busu moja, shavu la kushoto,
na papo hapo midomo ya bibi ikajichora,
myekundu, imevimba, hata mikunjo yake naiona,
ikaanza kutembea kuelekea shingoni.

Saba akasema, "Mama, koo linawasha."
Hakulia. Alitoa taarifa.
Sindano, paja, juu ya suruali.
Nje walimwengu wanaushangilia mwaka,
sisi tunahesabu mpaka kumi.
Pumzi iliponyooka nikamwona Tsiala jikoni, gizani,
anaisugua midomo yake kwa sabuni ya kufulia.

Ningependa kuandika kwamba nilimfariji.

Mwaka huu tumefika jioni, theluji imekuwa matope.
Tumemkuta langoni, hana koti,
mikono mbele, viganja juu,
kama mtu anayepekuliwa.
"Sijagusa jozi tangu Jumapili," akasema.
"Nimeoga. Sufuria ni mpya."
Mezani: mbegu za alizeti ndani ya asali,
zimekatwa pembe nne vilevile kama zile nyingine,
na kando ya sahani, bila kuombwa,
pakiti tupu ya mbegu, imepasuliwa ikalazwa bapa,
miwani yake juu yake,
mstari mmoja umepigwa penseli.

Nikasoma. Mara moja. Mara mbili.
Saba hakuitazama sahani, alinitazama mimi.
Ya tatu akaisoma mwenyewe, ndiyo kwanza anajifunza,
silabi kwa silabi, kwa sauti,
na bibi yake akamfuata, midomo ikitikisika,
kama yuko kanisani.