Taarifa Mbili, Saa Nane Usiku

Kitabu nilikinunua Kibuye, shilingi hamsini,
kwa mama aliyekwisha kuchana kurasa za nyuma
akafungia omena.
Majibu yote ya vipeo, basi, yalikwenda Manyatta
yakinuka samaki.

Sikuhuzunika. Maswali haya hayaulizi x ni ngapi.
Yanauliza tu: ulichopewa, kinatosha ujue?

Ghala limenyamaza. Nondo watatu wanaizunguka taa,
nondo mia tatu za chuma zimelala chini yao.
Rungu nimeliegemeza kwenye magunia ya saruji,
penseli nimeichonga kwa panga.

Taarifa ya kwanza: x kwa kipeo cha pili ni kumi na sita.
Mkono ulikimbilia nne. Nikaukamata.
Hasi nne naye yuko mlangoni, kavaa koti lile lile,
na shufwa haimvui mtu koti.
Deni mara deni ni mali!
Kamwambie hayo Nerea wa kibanda cha chai,
anayeniandika kwa wino mwekundu tangu Pasaka.
Haitoshi.

Taarifa ya pili: x kwa kipeo cha tatu ni chini ya sifuri.
Witiri hana siri,
ishara iliyoingia ndiyo inayotoka.
Lakini hasi ngapi? Hasi nusu? Hasi elfu?
Peke yake, nayo haitoshi.

Ziweke pamoja, sasa.
Mmoja anajua ukubwa, mwenzake anajua upande.
Nikazungushia herufi ya tatu
na hapakuwa na wa kunipinga
ila mbwa wa jirani, naye hubisha kila kitu.

Swali la kumi na tisa ndilo lililonikalisha.
x kwa kipeo cha n ni moja. Je, x ni moja?
Mimi namjua moja. Moja ni mimi:
nipandishe kwa miaka kumi na miwili ya geti hili,
nitatoka moja vilevile.
Lakini n ikiwa sifuri,
x anaweza kuwa yeyote,
hata mwenye saruji hii yote,
kapandishwa kwa si kitu
akashuka sawa na mlinzi wake.
Nilicheka peke yangu. Nikasogeza kiti,
upande huu upepo wa ziwa hauna adabu.

Odoyo, ndugu yangu, yuko Nakuru. Nadhani yuko Nakuru.
Tangu Machi ametuma ujumbe mara mbili.
Wa kwanza: Nipo.
Wa pili: Usimwambie Mama.

Nimeusoma wa kwanza peke yake.
Nimeusoma wa pili peke yake.
Nimeziweka pamoja, kama kitabu kinavyotaka,
nikajaribu chanya, nikajaribu hasi,
nikajaribu sifuri, nikaiondoa upesi.

Nimezungushia herufi ya mwisho.
Kwa penseli, lakini.
Lori linapiga honi getini.