Adapta ya Kupandia Saranda

Ndoo yangu hapa Sabasaba imejaa chaja zisizo na wenyewe:
za redio, za kinyozi, za simu zilizokufa kitambo,
waya zimekumbatiana kama ndugu msibani.
Watu huja, huchomoa, hujaribu, huondoka.
Bi Nyendo alikuja na injini ndani ya leso.

Akailaza juu ya kioo cha kabati, na kipande cha reli chini yake.
Nyekundu, ndefu kama gunzi la hindi,
gurudumu moja limefungwa uzi.
"Nataka umeme wa hii," akasema,
"lakini usinipe umeme wenye kiburi."

Nikacheka. Yeye hakuwa na mzaha.

Miaka ishirini na sita alikata tiketi Saranda.
Sasa ana mlango wa zamani juu ya ndoo nne, chumbani, Chang'ombe,
na juu ya mlango reli za mtumba zinazunguka:
Bahi ni kibiriti, Kintinku ni kifuniko cha siagi,
Makutupora bado hajaijenga,
na mlima wa Saranda ni magazeti na uji wa ngano,
umekauka, umepasuka, unafanana kabisa.

Nikaanza na chaja ya simu, volti tano.
Taa ikafifia, injini ikakohoa, ikabaki.
"Hiyo imeamka na njaa," akasema.
Nikachomoa ya kompyuta, volti kumi na tisa,
Mola wangu!
iliruka kioo kizima ikaangukia mapajani mwa mteja wa kava,
inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.
Bi Nyendo akaifuta kwa leso, polepole, bila kunitazama.

Nikamwambia ipo betri ya bodaboda.
"Na waya zikigusana?"
Zikigusana, nikasema, betri haijui kusamehe.
"Nina mjukuu wa miaka minne," akasema, na betri ikaishia hapo.

Basi nikamwaga ndoo yote mezani,
tukasoma vile vibandiko, herufi za kuazimia miwani:
volti tisa hii, ishirini na nne hii,
hii imefutika, ni ya nini haijui hata yenyewe,
hii ni mkondo geu, itaifanya injini ingurume papo hapo
kama mtu anayebishana peke yake.
Mwisho zikabaki mbili, zote kumi na mbili, zote mkondo mnyoofu:
moja ya ampea moja, moja ya ampea tatu.
"Hii ya tatu haitaiunguza?"

Hapo nikasimama kama mwalimu, mimi niliyeishia la saba.
Volti, Bi Nyendo, ndiyo inayosukuma.
Ampea ni mtungi tu.
Injini huchota kwa kikombe chake,
na mtungi mkubwa haumlazimishi mtu kunywa.

Akafikiri muda mrefu. Upepo ukapita na vumbi lake.
"Mlimani itataka vikombe viwili,"
akasema, akachukua ya tatu.

Nikamfungia na kitasa cha kurekebisha mwendo.
Nilimwonyesha kuongeza. Yeye akakizungusha kupunguza.
"Ile ya kweli ilipanda hivi.
Uliweza kushuka, ukanunua kuku, ukabishana bei,
ukarudishiwa chenji,
ukalidandia behewa lile lile.
Hii mpya inapita na taa zake,
sijapata kuuona uso wa abiria hata mmoja."

Jumapili nilikwenda kuiona.
Ikatoka Bahi, ikapita Kintinku, ikauinamia mlima,
adapta ikawa vuguvugu kiganjani mwangu
kama yai lililotagwa sasa hivi,
na umeme ukakatika Chang'ombe nzima.

Nikanyoosha kidole niisukume.
Bi Nyendo akanishika mkono gizani.
"Iache. Saranda husimama."
Kisha nikasikia anafunua sufuria,
na harufu ya kuku ikaja mpaka dirishani.